Ukicheza Peke Yako, Mizani ni ya Nani?

Jioni yoyote hapa Kisumu, Kondele au Nyalenda, ukiingia kwenye kibanda cha gemu utakuta ugomvi wa usawa kabla mechi haijaanza. Mmoja ameshachagua Real Madrid, mwenzake anagoma: ama wote wachukue timu za nyota sawa, ama yeye anarudisha pedi. Ugomvi huo una msingi. Atakayefungwa ndiye atakayelipa, kwa hivyo mshambuliaji mwenye mbio za kupita kiasi anachomoa pesa mfukoni mwa mtu. Pale hakuna anayehitaji kuelezwa mizani ina kazi gani.

Kwenye runinga ya kona, kijana mwingine anacheza Skyrim peke yake. Anapigana na majambazi na madragoni ya kompyuta, na hakuna hata mmoja wao atakayelalamika kwamba ameonewa. Hizi ndizo gemu za RPG: unamlea mhusika mmoja tangu akiwa mnyonge, unamchagulia silaha, ujuzi, marafiki na hata maneno atakayosema, mpaka awe mtu wa kuogopwa au wa kuheshimiwa. Sasa, ikiwa hakuna mpinzani wa kudhulumiwa, kwa nini watengenezaji wake hukesha wakipima upanga dhidi ya upinde, na uchawi dhidi ya ulimi mtamu?

Elden Ring, RPG nyingine, ilipotoka Februari 2022, swali hilo liliwaka moto. Ndani yake mna roho iitwayo Mimic Tear. Ukiiita, inajigeuza nakala yako, ikiwa na silaha zako zile zile, na inapigana ubavuni mwako. Ilikuwa na nguvu za ajabu, na Machi mwaka huo huo FromSoftware, watengenezaji wake, ikaipunguza makali kwa sasisho. Roho hizo haziitiki unapocheza na wengine mtandaoni, zinakuja ukiwa peke yako tu. Kwa maneno mengine, makali yaliyopunguzwa hayakuwa yakimkata mchezaji mwingine yeyote. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, aliyekuwa akiumia ni nani.

Wengi hujibu kwamba hakuna, basi kila mtu aachwe acheze apendavyo. Jibu hilo nalielewa lakini silikubali lote. Anayeweza kuumia ni mchezaji yule yule aliyeshika pedi, na kinachoumia ni uamuzi wake. Njia moja ikizishinda nyingine zote kwa mbali, zile nyingine zinabaki kwenye menyu kama mapambo. Unaziona, unaweza kuzibonyeza, ila hakuna sababu ya kufanya hivyo. Kwa hiyo gemu ya mtu mmoja nayo inahitaji mizani, lakini kipimo chake ni kingine. Kwenye soka ya watu wawili tunauliza kama pande zote zina nguvu sawa. Huku inatosha kuuliza: mtu anayezijua njia zote mbili, bado ana sababu ya kuchagua yoyote kati yazo?

Skyrim, ya mwaka 2011, inafundisha hili vizuri kwa sababu ina aina mbili za nguvu iliyozidi, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni upinde wa mwizi. Unachutama gizani, adui hajakuona, unaachia mshale, na gemu inazidisha madhara yake mara mbili, kisha mara tatu ukishajifunza zaidi. Hakuna anayekufikia, hakuna anayekujeruhi. Wachezaji wengi wameanza wakitaka kuwa wachawi au mashujaa wa shoka, na baada ya saa kadhaa wakajikuta wamechutama na upinde mkononi. Hawakuamua. Waliteleza tu, pango moja baada ya jingine, kwa kuwa kila mara ile ndiyo iliyokuwa njia salama zaidi. Soren Johnson, aliyekuwa mbunifu mkuu wa gemu ya mkakati Civilization IV, aliwahi kuonya kwamba wachezaji wakipewa nafasi watakamua ushindi mpaka raha yote ya gemu iishe. Vibandani kwetu shinikizo hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu muda unalipiwa. Kijana aliyelipia nusu saa hana nafasi ya kujaribu uchawi ambao huenda ukamwangusha mara tano kwenye mlango ule ule. Atachukua kinachofanya kazi, na nani atamlaumu?

Aina ya pili ni ule mzunguko wa dawa na mavazi. Unachemsha dawa inayokuongezea ustadi wa kutia nguvu kwenye mavazi. Ukiwa bado umelewa dawa hiyo, unatengeneza pete na glavu zinazokuongezea ustadi wa kuchemsha dawa. Unazivaa, unachemsha dawa kali zaidi, unatengeneza mavazi bora zaidi, kisha unahamia kwenye uhunzi na kufua upanga ambao dragoni haimalizi mapigo machache mbele yake. Ukitazama namba tu, huu ni uharibifu mkubwa kuliko upinde. Hata hivyo mimi singeuondoa. Aliyefika pale alikusanya majani na mizizi, akajifunza fani tatu, akaona zinavyoshikana, akaamua kutoboa. Hiyo nguvu aliitafuta. Morrowind ya 2002 ilikuwa na mlango kama huo, dawa ya kuongeza akili ilikufanya uchemshe dawa kali zaidi ya kuongeza akili, na waliougundua wanausimulia mpaka leo kwa furaha. Nguvu uliyoitafuta ni tunda la uamuzi. Ile iliyokukuta barabarani na kukubeba bila kukuuliza ndiyo inayoua uamuzi. Mbunifu anayeona namba kubwa na kukimbilia kuzikata bila kutenganisha mambo haya mawili atakata mguu mzima.

Tiba inaweza kuua kuliko ugonjwa, na Oblivion ya 2006 ndiyo ushahidi. Bethesda, kampuni iliyoitengeneza, ilitaka uende popote tangu mwanzo bila kukuta pango jepesi mno au gumu mno, kwa hivyo maadui wengi walipandishwa viwango pamoja nawe. Kwenye karatasi huo ni usawa safi. Kwenye gemu yenyewe, ukishafika viwango vya juu, jambazi wa barabarani anakusimamisha akidai sarafu kidogo tu, huku amevaa deraya ya kioo yenye thamani mara nyingi ya sarafu hizo.

Kichekesho cha jambazi kinasameheka. Kilichouma zaidi kilikuwa kwenye uchaguzi wa mwanzo kabisa. Ulichagua ujuzi saba kuwa wako mkuu, na kila ulipokusanya maendeleo kumi katika ujuzi huo, kiwango chako kilipanda. Tuseme ulitaka mhusika wa mbio na maneno, ukachagua kukimbia, kuruka na ushawishi. Basi kila safari ya miguu inakupandisha kiwango. Maadui nao wanapanda, wakipata silaha mpya na damu zaidi, huku mkono wako wa upanga ukiwa ule ule wa siku ya kwanza. Kwa kukua, umedhoofika. Kupanda kiwango kulihitaji ulale kitandani, na wapo waliokataa kabisa kulala ili dunia isiwapite. Ona ilipofikia: mchezaji anakimbia ukuaji katika gemu iliyojengwa juu ya ukuaji. Ilipotolewa upya Aprili 2025, mfumo huo wa kupanda viwango ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyobadilishwa.

Mpaka hapa nimezungumzia silaha na ujuzi, yaani njia za kufika. Mambo huwa mazito zaidi uamuzi unapokuwa wa dhamira, na hapo nataka tuhesabu pamoja.

BioShock ya 2007 ni gemu ya bunduki iliyokopa mengi kutoka RPG. Katika jiji lake la chini ya bahari unakutana na wasichana wadogo waliopandikizwa kitu kinachozalisha ADAM, mali ambayo kwayo unanunua uwezo mpya. Ukimkamata mmoja, gemu inakuweka njia panda. Ukimvuna, unapata ADAM 160 na mtoto anakufa. Ukimwokoa, unapata 80 na mtoto anabaki hai. Huo ni uamuzi wenye uzito: kila kitu kinajaribu kukuua, unahitaji nguvu, na nusu ya nguvu hiyo iko ndani ya mtoto.

Ila kila ukiwaokoa watatu, wanakuachia zawadi, na ndani yake mna ADAM 200 pamoja na vitu vingine, vikiwemo ambavyo mvunaji havipati. Piga hesabu. Mvunaji wa watoto watatu ana 480. Mwokozi ana 80 mara tatu, yaani 240, jumlisha 200, anapata 440. Tofauti ni 40, na mwokozi ameongezewa vitu vya ziada. Mchezaji akishaijua hesabu hii, swali la dhamira limekwisha. Hakuna kishawishi cha kushinda, wala wema wa kugharamia. Ni kama kuulizwa kama unataka chai kwenye kikombe cheupe au cha buluu. Mbunifu aliogopa kwamba mtu mwema ataonewa, akamlipa fidia, na fidia ikafuta maana ya wema wake.

Undertale ya Toby Fox, iliyotoka 2015, ilifanya kinyume chake bila kupepesa macho. Kila adui unaweza kumuua au kumsamehe. Ukiua unapata pointi, kiwango kinapanda, na uhai wako unaongezeka. Ukiwasamehe wote unabaki kiwango cha kwanza, na pointi 20 za uhai, mpaka mwisho. Hakuna fidia ya namba. Maadui wa mwisho wanakupiga kama mtoto, nawe unakwepa na kukwepa, ukijua kwamba kuua hapo nyuma kungekurahisishia. Kwa kipimo cha usawa hii ni gemu mbovu, maana njia moja ni tajiri na nyingine ni maskini. Kwa kipimo cha uamuzi ni kazi ya kiwango cha juu sana. Huruma ina bei, bei inaonekana, na unailipa kila pambano. Kinachokurudia ni watu, yaani wale uliowaacha hai wanaendelea kuishi mbele ya macho yako, na kuwa marafiki zako.

Hapo kuna pingamizi la haki ambalo sitaki kulipita. Ikiwa udhaifu unaweza kuwa na maana, basi mbunifu mvivu atajitetea kwa njia hiyo kila atakapoharibu kitu. Ataweka ujuzi usio na faida yoyote, kisha aseme ni uamuzi wa mchezaji. Mstari kati ya udhaifu wenye maana na ulaghai uko wapi?

Mimi nauweka kwenye ahadi. Deus Ex: Human Revolution ya 2011 ilikuahidi waziwazi kwamba unaweza kumjenga mhusika wako, Adam Jensen, kuwa mdukuzi, mpenyaji wa kimya kimya, au mtu wa maneno. Ukatumia pointi zako hivyo, ukavuka majengo mazima bila kufyatua risasi. Halafu mlango unafungwa nyuma yako, uko ndani ya chumba kimoja na bosi, yaani adui mkubwa, na njia ya kutoka ni kumuua kwa silaha ambazo hukuziandaa. Huo ni ulaghai. Udhaifu wa mdukuzi kwenye vita vya risasi sina shida nao, ndio uamuzi wenyewe. Shida ni gemu kuificha ile siku ambayo risasi zingekuwa lazima. Toleo lililorekebishwa la 2013 liliongeza kwenye vyumba vile njia za wadukuzi na wapenyaji. Udukuzi haukuhitaji kuwa na nguvu sawa na bunduki. Ulihitaji mlango.

Linganisha na Baldur's Gate ya 1998. Mchawi wa kiwango cha kwanza anaanza na pointi nne hivi za uhai, mbwa mwitu mmoja anatosha kummaliza. Kufikia gemu ya pili, mwaka 2000, mchawi huyo huyo anasimamisha wakati. Mpiganaji anaanza imara na kubaki imara, mchawi anateseka kwanza kisha anatawala. Hawajawahi kuwa sawa hata siku moja, lakini anayejua kanuni anajua anachonunua, mateso ya leo kwa ukubwa wa kesho.

Mbunifu Josh Sawyer na wenzake wa kampuni ya Obsidian walijaribu kuondoa mitego ya namna hii kabisa katika Pillars of Eternity, 2015. Walitaka sifa yoyote utakayompa mhusika wako iwe na faida kwa kila taaluma, kwa hivyo nguvu ya mwili inaongeza madhara ya upanga na ya uchawi pia. Asiyejua kanuni hawezi tena kumharibu mhusika wake dakika ya kwanza, na hilo ni jambo jema. Lakini mchawi aliyekonda mwenye akili nyingi alipoteza sehemu ya sura yake, sasa naye anatafuta misuli. Naheshimu nia yao. Nadhani walilipa ghali kidogo.

Bado lipo suala la kusevu, yaani kuhifadhi mahali ulipofika ili uweze kuparudia. Uamuzi unaoweza kuufuta kwa kurudi nyuma dakika mbili ni mwepesi hata ukipimwa vipi. The Witcher ya 2007 iliahirisha matokeo. Unatoa jibu leo, matunda yake unayaona sura nyingine ya hadithi, saa nyingi baadaye, wakati hakuna mtu mwenye moyo wa kurudi. Disco Elysium, 2019, ilipita njia ninayoipenda zaidi. Kushindwa kwa bahati ya dadu mara nyingi kunafungua tukio ambalo mshindi hatalikuta, na hivyo hamu ya kufuta inapungua yenyewe. Kwa sisi ambao stima hupotea katikati ya pambano, si vibaya gemu ikatufundisha kuishi na kilichotokea.

Haya yote yanamhusu zaidi kijana wa hapa Kisumu anayejifunza kutengeneza gemu kwenye kompyuta ya kuazima, maana hesabu za BioShock atakutana nazo kwake mwenyewe. Tuchukue mfano. Unatengeneza RPG ya Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Kijana amerithi mashua ya babake na deni la injini. Anaweza kutumia nyavu halali za macho makubwa, au za macho madogo zinazokomba hata samaki wachanga. Za macho madogo, tuseme, zinamletea mapato mara mbili.

Kishawishi cha kwanza kitakuja unapowaonea huruma waaminifu. Utataka kuweka afisa wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, ampe mvuvi mwaminifu zawadi kila baada ya siku tatu. Usifanye hivyo. Ukimfidia, umeshafuta swali. Mwache awe maskini kuliko jirani yake. Deni lake lilipike, kwa sababu umemwahidi kwamba njia yake inafika, lakini lichukue muda mrefu zaidi, na amwone mwenzake akinunua injini mpya mwezi wa kwanza.

Kishawishi cha pili ni kumwadhibu mwenye nyavu ndogo kwa haraka, polisi wamkamate, nyavu zichomwe, mambo yasawazike. Hapo pia utakuwa umemwamulia. Ziwa lenyewe linatoa jibu gumu zaidi: samaki wanapungua polepole, na wanawapungukia wote. Mzee wa mashua ya pili, aliyemfundisha huyu kijana kushona nyavu na hajawahi kugusa za macho madogo, anaanza kurudi mtupu. Mama anayenunua samaki kwake akauze anapandisha bei, kisha siku moja haji ufuoni. Mchezaji haonyeshwi namba yoyote ya dhambi. Anaonyeshwa gharama ya uamuzi wake ikilipwa na mtu mwingine.

Mizani uihifadhi kwa mambo mengine. Kuvua omena, yaani dagaa, usiku kwa taa, kufuata mbuta, yaani sangara, mbali kwa petroli nyingi, au kutega ngege, yaani tilapia, karibu na gugumaji: hizi ni njia tatu za kuishi, hakuna iliyo safi kuliko nyenzake, na hapa ndipo ukae na kalamu. Ukiwapa rafiki zako gemu na wote, bila kuambiana, wakaishia kwenye omena, chunguza. Huenda taa ni rahisi mno kununua, au mwezi mpevu hauathiri chochote, ilhali kwenye ziwa la kweli usiku wa mbalamwezi omena hawavutwi sana na taa. Weka mwezi angani, na kila wiki chache mvuvi wa omena atalazimika kuwaza upya: abaki ufuoni akirekebisha nyavu, au akope petroli aende mbuta.